Korongo wa Vuli Wasiuawe

Wakulima wenzangu, kila mwaka katika miezi ya Oktoba na Novemba, mvua za vuli zikikaribia, tazameni juu wakati wa adhuhuri. Huenda mkaona korongo weupe, wenye manyoya meusi mabawani na miguu myekundu, wakizunguka angani bila kupiga mabawa. Wametoka Ulaya, ambako wakati huo majani ya miti hupukutika na baridi huingia, nao hufuata mto Nili mpaka kwetu.

Wako watu wanaowarushia mawe au kuwatega. Jambo hili si jema. Mwaka 1822 huko Ujerumani alionekana korongo mwenye mshale wa Kiafrika shingoni. Wataalamu wa huko walipata elimu kwa mshale ule. Sisi yafaa tuone haya. Korongo hali mahindi yetu. Hula panzi, nzige na viwavijeshi, yaani adui zetu wenyewe, wala haombi mshahara.

Basi wazazi na walimu, wakanyeni watoto. Nanyi wenye kupiga dawa, msiimwage mahali ndege hawa wanapokula. Anayemwua korongo amefukuza kibarua wake mwenyewe.