Tabibu wa Zahanati Afundishwe Ugonjwa wa Kusahau



Mtoto akipata homa unajua la kufanya. Unambeba mpaka zahanati. Mama mjamzito naye ana siku yake ya kliniki. Lakini mzee wako akipotea katika njia ya shambani aliyoipita miaka 40, unampeleka wapi?

Wengi wetu hatumpeleki popote. Tunasema, "Uzee huo." Wengine wananong'ona, "Karogwa." Wengine husema kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi, na hilo ndilo baya kuliko yote. Katika nchi yetu wako wazee waliopigwa na hata kuuawa kwa maneno ya namna hiyo.

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa huo. Tuzungumze pia juu ya mtu anayepaswa kuutambua kwanza. Mtu huyo ni tabibu wa zahanati yako.

NI UGONJWA GANI?

Madaktari huuita dimenshia. Sisi tuuite ugonjwa wa kusahau. Ni ugonjwa wa ubongo. Hauletwi na uchawi, wala si adhabu.

Kila mtu husahau. Ukisahau mahali ulipoweka jembe, kisha ukakumbuka, huo si ugonjwa. Lakini mtu akilishika jembe asijue ni la kazi gani, huyo anahitaji kupimwa.

Dalili zake ni hizi. Mzee huuliza jambo lile lile mara nyingi. Huacha chungu motoni mpaka kikaungua. Hupotea katika kijiji chake mwenyewe. Huwashuku watu wa nyumbani kuwa wamemwibia. Usiku halali, hutembea. Mwisho huweza kutomtambua hata mwanawe. Mara nyingi dalili hizi huanza pole pole, nazo huzidi mwaka hadi mwaka.

Usidhani kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu. Mwaka 2010 wataalamu walifanya uchunguzi katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Walikadiria kuwa katika kila wazee 100 kama hao, karibu 6 wana ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao. Zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati.

KWA NINI ZAHANATI?

Watu wa mkoa wa Pwani tunaambiwa kuwa tuko karibu na madaktari. Kibaha ina hospitali ya Tumbi. Dar es Salaam kuna Muhimbili. Ni kweli kwa mtu anayekaa kando ya barabara ya Morogoro. Lakini mfikirie bibi wa Maneromango au wa Mzenga, huko Kisarawe. Anahitaji nauli. Anahitaji mtu wa kumsindikiza, na mtu huyo ataacha shamba lake. Tena mgonjwa wa kusahau huogopa mahali pageni. Akifika katika msongamano wa watu huchanganyikiwa zaidi.

Kwa hiyo wazee wengi hawatamwona daktari bingwa maisha yao yote. Watamwona tabibu wa zahanati. Tabibu akijua ugonjwa huu, mzee atasaidiwa. Asipojua, atampa panadoli na kumrudisha nyumbani.

TABIBU ALIYEFUNDISHWA HUFANYA NINI?

Kwanza, hutenganisha ugonjwa wa ghafla na ugonjwa wa pole pole. Mzee aliyekuwa mzima juzi, na leo anaweweseka, huenda ana malaria, au nimonia, au ugonjwa wa njia ya mkojo. Huenda amepungukiwa maji au sukari mwilini. Hiyo ni hatari, lakini mara nyingi inatibika. Mzee kama huyo akiachwa nyumbani kwa kuwa "ni uzee," huweza kufa kwa ugonjwa ambao ungetibiwa.

Pili, hutafuta mambo mengine yanayofanana na ugonjwa wa kusahau. Mzee asiyesikia vizuri huonekana kama hana kumbukumbu. Mzee mwenye huzuni nyingi baada ya kufiwa huonekana hivyo hivyo. Kaswende ya siku nyingi, Virusi vya UKIMWI, ugonjwa wa tezi ya shingo, pombe, na hata dawa fulani huweza kuvuruga akili. Baadhi ya mambo hayo yana tiba.

Tatu, humpima mzee. Pengine utauliza, "Atampimaje bibi asiyejua kusoma?" Swali zuri. Wataalamu waliofanya kazi Hai walitengeneza kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa mambo anayoyajua, kama siku ya leo. Hutajiwa maneno kumi, kisha baadaye huombwa ayakumbuke. Huambiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo. Halafu huonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti, naye hupanga lake lifanane na hilo. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Haihitaji mashine.

Nne, hutibu presha na kisukari, maana magonjwa hayo huudhuru ubongo. Presha huweza kuleta kiharusi, na kiharusi huweza kuleta ugonjwa wa kusahau.

Tano, huwafundisha watu wa nyumbani namna ya kumtunza mgonjwa.

"LAKINI DAWA HAKUNA"

Wako wanaosema hivi: "Ugonjwa wenyewe hauponi. Ya nini kumfundisha tabibu?"

Ni kweli, hakuna dawa ya kuuponya. Lakini presha nayo mara nyingi haiponi, mbona twaitunza? Familia iliyoelezwa ugonjwa haimchapi mzee. Haimfungi kamba. Haimfukuzi. Haipotezi mbuzi na fedha kwa mpiga ramli. Hayo yote ni faida, nayo hayauzwi katika duka la dawa.

Wengine husema kuwa tabibu ana kazi nyingi. Hilo nalo ni kweli. Lakini familia iliyokosa maelezo leo itarudi kesho na kesho kutwa, na mzee aliyeungua au aliyevunjika mguu. Hapo kazi itakuwa kubwa zaidi.

Mwongozo wa kufundishia upo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoa huduma ambao si mabingwa wa magonjwa ya akili. Ugonjwa wa kusahau umo ndani yake.

Lakini semina ya siku mbili peke yake haitoshi. Tabibu akishafundishwa atembelewe na mwenye ujuzi zaidi, waangalie wagonjwa pamoja. Akihamishwa, anayekuja afundishwe pia. Na mhudumu wa afya wa kijiji naye ajue dalili, maana yeye ndiye anayeingia majumbani.

WEWE UFANYE NINI?

Ukiona dalili, mpeleke mzee zahanati. Mweleze tabibu dalili zilianza lini, na kama zilikuja ghafla. Chukua na dawa zote anazokunywa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi ni mzee, nayo ilitambua haki yake ya kutibiwa. Usione haya kuidai.

Nyumbani, usibishane naye. Akisema anakwenda kwa mama yake aliyekufa zamani, usimkemee. Muulize habari za mama yake, mtembee kidogo, mrudi. Ale, aoge na alale saa zile zile kila siku. Moto, visu na dawa ya mikorosho viwe mbali naye. Majirani waambiwe, wakimwona njiani wamrudishe. Na kazi ya kumtunza asiachiwe binti mmoja. Wagawane wote, wanaume nao.

Katika mkutano wa kijiji, simama uulize: "Je, tabibu wetu amefundishwa ugonjwa wa kusahau?" Kama bado, kijiji kiombe kwa halmashauri ya wilaya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kiasi cha milioni mbili katika vikundi vya kujifunza. Tulisoma, tulijadiliana, tulichimba vyoo. Walioshika majembe siku zile ndio wazee wetu wa leo. Sasa ni zamu yetu kuwatunza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja dalili tatu za ugonjwa wa kusahau.
2. Kwa nini mzee aliyechanganyikiwa ghafla apelekwe zahanati siku hiyo hiyo?
3. Katika kijiji chenu, nani hushinda na mzee mgonjwa? Nani angeweza kumpokea kazi hiyo?
4. Mtasema nini kwa mtu anayemwita mzee mgonjwa mchawi?