Mwenye Kidonda Hana Hatia

Ndugu zangu wa Zombe, hapa Kitui, kuna tabia inayoniudhi. Mama amejifungua kwa kupasuliwa, karudishwa nyumbani, na siku chache baadaye mshono unatoa usaha. Badala ya kuuliza amekula nini na maji amechotewa na nani, majirani wananong'ona kwamba ni mchafu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti!

Aoge kwa maji yapi? Kiangazi kikikaza, mwanamke wa huku hufukua mchanga wa mto mkavu, akangoja maji yajichuje kata kwa kata, kisha humpakia punda. Asiye na punda hubeba mgongoni. Tumbo lililoshonwa juzi litahimilije jerikeni la lita 20? Na kidonda hufungwa na chakula: maharagwe, mayai, maziwa. Mzazi aliyepungukiwa damu, anayeshindia uji mtupu, atapona kwa nguvu zipi? Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2016 kwamba barani Afrika hadi akina mama 20 kati ya 100 wanaopasuliwa wakati wa kujifungua hupata maambukizi ya kidonda. Wote hao ni wachafu? Wengine huambukizwa mezani kwa mpasuaji, kwa mikono isiyonawiwa vyema.

Wanaume wa Zombe, ukarimu wenu naujua. Akifa mtu mnachanga usiku huohuo, mnachimba kaburi, mnalisha waombolezaji, na Mungu anawaona. Mbona basi nauli ya bodaboda ya kumpeleka mzazi zahanati, kidonda kikaguliwe, inakosa wa kuitoa? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunachangia jeneza upesi kuliko bandeji, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na maadamu nimeutaja mto, malori ya mchanga siyanyamazii. Mchanga ndio unaotuhifadhia maji chini ya jua hili. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kuusafirisha nje ya kaunti, na ilifanya vyema. Kijana anayeupakia kwenye lori anauza maji ya kumwoshea mamaye kidonda. Aibu!

Mume, kwa wiki sita mtungi ni wako. Kama hupo, ni wa ndugu zako. Mama mkwe, yai la kwanza mpe mzazi. Mshono ukivimba, ukizidi kuuma au kutoa usaha, ama homa ikipanda, msipake majivu wala majani: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.