Kupanda mikaliptusi si kurudisha pori

Kila tarehe 5 Desemba, siku ya taifa ya mti, tunaona wakubwa wanashika majembe, wanapigwa picha, mikaliptusi inasimama mistari mistari, kisha hotuba inasema: pori limerudi. Sisi tunasema: hapana. Pori halijarudi, imepandwa miti tu.

Tusieleweke vibaya. Mukaliptusi una kazi yake: unakomaa upesi, unatoa nguzo na makala. Anayeupanda katika parsele yake hana kosa. Kosa ni kuuita pori.

Pori letu la Katanga ni miombo. Jina hilo, na lile la muhulu, wataalamu wa dunia waliyapata kwa watu wa sehemu hizi, hawakuyaleta. Ndani ya miombo muna mutondo, muputu, musuku, mubanga, mupundu. Vinkubala vinakula majani ya miti ya kule. Bowa mwingi tunaookota mvua ikianza unaishi pamoja na mizizi yake. Profesa François Malaisse, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya pori hili. Nani kati yetu alisharudi kutoka shamba la mikaliptusi na kitunga cha vinkubala?

Wengine wanatujibu: «Pori lilishakatwa, tufanye nini? Bora tupande paka chochote.» Hapa njo tunaachana nao. Mukata makala anaondoa shina, lakini mara nyingi mizizi inabaki hai, na miti mingi ya miombo inachipuka tena kwenye kisiki. Adui mkubwa wa chipukizi ni moto wa Septemba na Oktoba, wakati majani yamekauka kabisa. Kule Ndola, Zambia, karibu na mpaka wetu, majaribio yalianza mwaka 1933. Kipande kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kilipoteza miti yake. Kilichochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na maji kidogo, kilibaki pori. Kilichokingwa na moto kabisa kilianza kufungana kama muhulu.

Na hii si elimu ya wageni peke yao. Wabisa wa Mpika, kule kule Zambia, wana desturi ya kuchunguza vinkubala, kukinga pori na moto wa kuchelewa, na kukataza watu kuokota mbele ya wakati. Kwetu pia, neno la shefu juu ya pori lilikuwa na uzito. Juu ya nini leo tunamuita kwenye sherehe akate utepe, lakini siku ya kupanga moto hatumuulizi?

Pale kompani inapofungua karieri au barabara, mambo ni mengine. Mizizi inaondoka pamoja na udongo wa juu, na udongo ule njo wenye mbegu na uhai. Uwekwe pembeni, urudishwe upesi, usizikwe chini ya mawe. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inalazimisha kompani kutengeneza upya mahali walipoharibu. Na pa shaba si kila mmea unakubali. Vilima vyetu vya shaba vina mimea isiyopatikana penginepo. Hapa Lubumbashi, ambapo kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911 na moshi wake ukatia sumu udongo, watafiti walijaribu kufunika udongo ule kwa Microchloa altera, nyasi ya vilima hivyo hivyo. Dawa ilikuwa hapa hapa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Tarehe 5 Desemba ihesabiwe miti iliyo hai toka mwaka uliopita, si mashimo yaliyochimbwa. Pesa ya miche, sehemu yake ilipe vijana wa kijiji walinde visiki na wachome mapema, mwezi wa tano au wa sita, pamoja na shefu. Na watoto wetu wafundishwe majina ya miti wakiwa chini ya miti yenyewe. Mtoto asiyejua mutondo hataona hasara siku utakapokatwa, atapigia makofi mukaliptusi, na sisi njo tutakuwa tumemudanganya.