Malaika ni wimbo wa nani? Swali hili limetuchelewesha

Jamani, mada hii nilijiapiza kutoigusa, lakini leo uvumilivu umenishinda. Kaa na Wabongo watatu sehemu yoyote, iwe kijiweni au baa, halafu redio ipige Malaika. Lazima mmoja aseme: "Wakenya wametuibia huu." Mwingine ataongeza habari ya mlima Kilimanjaro. Wa tatu atalaumu serikali. Kisha wataagiza nyingine na maisha yataendelea.

Mimi pia nilikuwa mbishi wa aina hiyo, mpaka niliporudi likizo kwetu Suma, Tukuyu.

Wanaoijua Rungwe wanajua mvua yake haina adabu. Inaweza kukufungia ndani siku mbili. Jioni moja tulikuwa barazani kwa baba mdogo, kuna chai na ndizi, na yeye ana galatoni lake. Vijana wa mjini, galatoni ni gitaa kavu, lisilotumia umeme. Jina limetokana na Gallotone, jina la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Wazee wetu wengi walikwenda kufanya kazi migodini kusini, na baadhi walirudi na magitaa. Hilo la baba mdogo alilileta babu.

Akapiga Malaika. Nami, kwa kuwa ni msomi wa familia, nikaanza hotuba yangu ya wizi wa Wakenya. Baba mdogo akaniacha nimalize. Kisha akanionyesha kijana wa jirani aliyekaa pembeni.

"Mwanangu, ule wimbo uliouandika gazetini mwaka jana, aliutunga nani?"

Nikamtaja mwimbaji. Nikamtaja na prodyuza.

"Aliutunga huyu hapa. Na gitaa lile kapiga yeye."

Nilimgeukia yule kijana. Akasema kwa upole, "Hukuniuliza, kaka."

Ndugu msomaji, habari ile ilikuwa nusu ukurasa, na picha juu. Nilikuwa nimeisifia mistari ya wimbo ule na gitaa lake, nikawapa sifa watu wawili ambao hawakutunga mstari wala kugusa waya. Kijana alikwenda studio mjini, akaimba, akapiga gitaa, akapewa nauli na soda. Hakuna aliyeandika kitu. Wimbo ulipotoka, jina lake halikuwamo. Nami mwandishi mwenye shahada nikaja kugonga muhuri.

Sasa turudi kwenye Malaika, maana niliporudi kazini nilianza kuitazama habari ile kwa jicho lingine.

Fadhili William Mdawida, Mtaita aliyezaliwa 1938, alikuwa mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Nairobi na kundi la Jambo Boys, na huko ndiko alikourekodi wimbo huu. Mwaka 1963 akaurekodi tena katika studio ya Equator ya Charles Worrod. Pale Equator alifanya kazi na watu wazito: Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Peter Tsotsi na Nashil Pichen Kazembe. Miriam Makeba akaubeba wimbo hadi ng'ambo. Mwaka 1965 ulikuwamo kwenye albamu yake na Harry Belafonte, albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Boney M. wakaurekodi 1981, Angelique Kidjo 1991.

Fadhili mwenyewe alihamia Marekani, akaishi huko miaka mingi, akarudi Kenya na kufariki Nairobi Februari 2001.

Upande wa pili yupo Adam Salim, Mtanzania aliyewahi kuishi Nairobi, aliyedai kuwa aliutunga mwaka 1945. Wapo na wengine waliodai. Basi Mbongo akisikia neno "Mtanzania" anarukaruka. Kesi imekwisha!

Haijaisha. Mimi sikuwapo 1945, na wewe hukuwapo. Simwiti Fadhili mwizi, wala Salim simwiti mwongo. Ninachokiona ni hiki: mmoja aliacha santuri, mwingine akaacha simulizi. Fadhili ndiye aliyekuwa wa kwanza kuurekodi, na kwa hiyo yeye ndiye aliyetambuliwa kama mtunzi na kupokea mirabaha. Hata kama Salim alisema kweli tupu, alikuwa amechelewa kwa sababu ya kitu kidogo kama sahani ya plastiki.

Na wimbo wenyewe unahusu nini? Kijana anayempenda msichana lakini hana fedha za kumwoa! Umeimbwa nusu ya dunia, na bado tunabishana kuhusu uraia wa mtunzi. Yule kijana wa Suma ni Mtanzania, studio ni ya Mtanzania, mwimbaji Mtanzania, gazeti la Watanzania. Hapo tumlaumu Mkenya gani?

Najua maprodyuza watanijia juu. Watasema: "Bila mashine zangu huo wimbo ungebaki kijijini, na mimi ndiye niliyetengeneza midundo." Sawa kabisa, kaka. Aliyetengeneza midundo naye katunga, astahili jina na fungu lake. Mimi sijasema anyimwe. Ninachouliza ni kwa nini fungu la mwenye mashine linajulikana kabla ya kurekodi, na la mwenye gitaa linajulikana baada ya ugomvi.

Wengine watasema sheria zetu ni mbovu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA ilianzishwa kwa sheria hiyohiyo. Haki ya mtunzi haisubiri usajili. Inazaliwa na kazi yenyewe. Ila ukifika kwenye ubishi utaulizwa ushahidi, na "muulize baba mdogo" si ushahidi mzuri mbele ya mwanasheria wa kampuni. Januari 2022 COSOTA ilipogawa mirabaha, fedha zilifuata majina yaliyoandikwa. Asiyeandikwa alisoma habari hizo gazetini kama mimi na wewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo na hauna gharama. Wewe mtunzi, kabla hujapanda basi kwenda studio, jirekodi kwenye simu wimbo mzima, utume kwa watu wawili unaowaamini, tarehe ibaki. Ukifika studio, kabla hujashika kinasa sauti, chukueni karatasi ya daftari: nani katunga maneno, nani katunga sauti, nani kapiga gitaa, kila mmoja fungu gani. Sahihi, tarehe, kila mtu nakala yake. Prodyuza akikataa kusaini, kakwambia ukweli mapema. Rudi nyumbani.

Na sisi waandishi? Tuna mkono kwenye hili. Tunajua mwimbaji kavaa nini, kagombana na nani, gari lake limekopwa wapi. Jina la mtunzi hatuulizi. Mpiga gitaa ndiyo kabisa, huyo kwetu ni kama spika.

Habari yangu nimeomba irekebishwe. Mhariri alicheka, akasema habari ya mwaka jana haiuzi. Nimemwomba tena wiki hii, na nitamwomba wiki ijayo. Wakati huohuo, kila wimbo nitakaouandika utakuwa na jina la aliyeutunga, na nisipolipata sitauandika. Wanaobishana kuhusu Malaika waendelee. Wakichoka, waje tuhesabu nyimbo ngapi zimetoka mwaka huu bila jina la mtunzi.

Naomba kutoa hoja.