UDONGO HAULINDWI KWA FIMBO



Kuna watu wanaokula bukari kila siku, na bado wanasema: "Mambo ya udongo ni ya watu wa kijiji." Tunawauliza: mfuko wa unga ukipanda bei, nani analia wa kwanza? Mshahara ni ule ule, unga unapungua sahanini. Udongo unaochukuliwa na mvua kule mlimani ni chakula chetu kinachoshuka mtoni.

Kuna maneno mabaya zaidi, na tunayasikia hata kinywani mwa wenzetu waliosoma. Wanasema mkulima ni mjinga, yeye mwenyewe anaharibu udongo wake, kwa hiyo dawa yake ni amri. Maneno hayo si mapya. Ni maneno ya Bula Matari.

Wazee wetu wanakumbuka. Amri ya mwaka 1917 ililazimisha mwanakijiji kulima mazao ya serikali siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku zikafika 120. Kule Kivu, katika miaka ya 1950, watu walichimbishwa mitaro ya kuzuia maji kwenye vilima. Aliyekataa alingoja faini au gereza. Uhuru ulipofika mwaka 1960, watu wengi waliiacha mitaro ile.

Na hapa tuseme kweli, hata kama inatuuma. Sisi wa vyama tulishangilia. Kukataa fimbo ilikuwa haki. Lakini tulimwambia mkulima aache mtaro wa Mbeleji, hatukumwambia achimbe wake mwenyewe kwa faida yake mwenyewe. Mvua haijui siasa. Iliendelea kuchukua udongo.

Je, mkulima hawezi kulinda udongo bila kulazimishwa? Tutazame nchi yenye mvua chache kuliko yetu: Machakos, kule Kenya, nchi ya Wakamba. Katika miaka ya 1930 wakubwa wa Kiingereza waliandika kwamba nchi ile imekwisha, imebaki makorongo na mawe. Dawa yao? Mwaka 1938 walichukua ng'ombe za watu kwa nguvu na kuziuza kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kinangoja. Wakamba zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kudai mifugo yao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilirudi nyuma, ikaacha kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kati ya miaka ya 1930 na mwaka 1990 watu wa Machakos waliongezeka kutoka karibu 240,000 mpaka karibu 1,400,000. Waliotabiri kifo walitazamia jangwa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya hesabu ya nchi ile: watu wamekuwa karibu mara sita, na thamani ya mavuno kwa kila mtu imekuwa karibu mara tatu. Milima iliyokuwa uchi ilikuwa imejaa ngazi za mashamba.

Nani alichimba? Wenyewe. Vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, wanawake wakiwa wengi, vilikwenda shamba kwa shamba. Kazi yenyewe ina jina la Kiswahili: fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa tuta. Mvua ikija, udongo unaoshuka unasimama nyuma ya tuta. Mwaka kwa mwaka shamba linalala kama ngazi, na maji yanaingia ardhini badala ya kukimbia.

Kwa nini walikubali kazi ile ile waliyoichukia zamani? Hapa ndipo penye hesabu, na mfanyakazi anajua hesabu.

Tuta linaomba jasho leo, faida inakuja baada ya miaka. Tena linakula ardhi. Tuseme mtu ana mistari kumi ya mahindi, tuta likachukua mmoja. Mwaka wa kwanza anavuna mistari tisa, na watoto hawali ahadi. Bwana mkubwa aliita hesabu hiyo uvivu. Sisi tunaiita akili.

Majani ya ng'ombe ndiyo yalibadili hesabu. Juu ya tuta unapanda matete, yale majani ya tembo. Penye ukame zaidi unapanda majani mengine yanayovumilia jua. Mizizi inashika tuta. Majani yanakatwa tena na tena, ng'ombe analishwa zizini. Mstari uliopotea unarudi nyumbani kama maziwa, kama nguvu ya ng'ombe wa jembe, kama samadi ya ile mistari tisa. Mkulima hangoji tena miaka kumi kupata faida.

Na fedha ya kuanzia ilitoka wapi? Nyingine ilitoka katika mishahara ya Wakamba waliofanya kazi mijini. Nyingine ilitoka katika kahawa, ambayo walikatazwa kwa miaka mingi mpaka wakaruhusiwa katika miaka ya 1950, na katika mboga na matunda yaliyouzwa mjini. Ndugu wa mgodi, mmesikia? Mshahara wa mji ulisaidia kujenga udongo wa kijiji.

Watasema: "Machakos iko karibu na Nairobi." Ndiyo! Na Lubumbashi, Likasi na Kolwezi si soko? Mvua yetu ni nyingi kuliko ya Machakos, lakini kiangazi chetu ni kirefu, na ng'ombe hali shaba. Kwa miaka mingi Katanga imekula mahindi ya Zambia, na huku miti yetu inakatwa kwa makala na udongo unabaki wazi.

Basi tunadai mambo manne. Mkulima awe na haki ya shamba lake kwa maandishi, maana hakuna anayejenga ngazi katika ardhi atakayofukuzwa kesho. Barabara ipitike wakati wa mvua, maziwa yafike mjini hayajaharibika. Agronomu aje na mbegu za majani na ng'ombe wa jembe, asije na daftari la faini. Na asiwepo mtu, mweusi au mweupe, wa kurudisha kazi ya lazima kwa jina la kulinda udongo.

Na wewe mfanyakazi, ukituma fedha nyumbani, usitume ya matanga na bia peke yake. Tuma ya jembe, tuma ya ng'ombe.

Fimbo ilichimba mitaro, ikaachwa. Faida ilichimba ngazi, zikadumu.