Mzigo wetu una cheti rahisi, sisi wenyewe hatuna

Kikundi chetu cha akiba hapa Buyenzi kina wanachama 12: wauza vitenge, wauza dagaa na wawili wa vipuri vya magari. Mwaka huu tulikubaliana faida isigawanywe yote. Sehemu yake itupeleke Jinja, Uganda, tukapande boti za mpira kwenye maji makali ya Nile. Tumevuka mipaka miaka mingi tukifuata bidhaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka ili kustarehe.

Mto wenyewe haukutupa shida. Jinja inaishi na biashara hiyo tangu miaka ya 1990. Bwawa la Bujagali lilizamisha maporomoko maarufu, na la Isimba likafuata mwaka 2019, lakini mikondo iliyobaki bado inavuta wageni. Maji hupangwa kwa madaraja, la kwanza hadi la sita. Mwenye moyo hufika la tano, mwoga huchagua mkondo mpole. Kila mtu huvaa kofia ngumu na jaketi la kuokoa maisha, na hufundishwa la kufanya boti ikipinduka. Asiyejua kuogelea aseme mapema. Hayo tuliyamaliza jioni moja.

Kilichotuchukua wiki tatu ni barabara na karatasi. Tangu Burundi ifunge mpaka wake na Rwanda Januari 2024, njia fupi ya Kayanza, Kigali na Gatuna haipo. Inabidi tupite Muyinga na Kobero, tuingie Tanzania, tuzunguke Ngara, Biharamulo na Bukoba, kisha tuvuke Mutukula kuelekea Masaka na Kampala. Faranga zetu zinabadilishwa mara mbili njiani, na kila mara tunakatwa.

Kisha karatasi. Kati yetu 12, watano hawana pasipoti. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Sisi Warundi tuliingia Jumuiya mwaka 2007, siku moja na Wanyarwanda, lakini katika mpango huo hatumo. Mgeni kutoka Ulaya anauziwa viza moja ya dola 100 na kutembea Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Burundi haimo humo pia.

Wafanyabiashara wenzangu, linganisheni na mizigo yetu. Bidhaa ya Afrika Mashariki iliyo kwenye orodha, yenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti cha asili kilichorahisishwa palepale mpakani na kupita bila ushuru wa forodha. Tuliupigania utaratibu huo na umetusaidia. Basi gunia la maharage lina njia ya mkato, na mwenye gunia hana.

Watakaosema ni suala la usalama wana hoja. Vitambulisho vikighushiwa, kila nchi itaogopa. Lakini dawa yake ni kuviboresha, na wakati tunasubiri, kuna hatua ndogo: pasi ya kikundi ya siku kumi. Tarafa inaandika majina, picha na namba za vitambulisho. Mpaka unagonga muhuri kikundi kikitoka na kikirudi. Asiyerudi, viongozi wa kikundi wanaulizwa. Vikundi vya akiba tunajuana kuliko afisa yeyote anavyotujua. Serikali zetu zinaweza kuijaribu Kobero na Mutukula, ambako maofisa wa nchi mbili tayari wanafanya kazi chini ya paa moja.

Hili si suala la anasa. Anayekwenda Jinja kwa starehe analala kwa watu, anakula sokoni, anaona bei, anarudi na namba za simu. Wengi wetu tulipata wateja wetu wa kwanza hivyo hivyo, kwa kuzungumza na mtu tusiyemjua.

Chemchemi ya Rutovu, kule Bururi, inaingia Ruvubu, Ruvubu inaingia Kagera, Kagera inaingia ziwa Viktoria, na ziwa linatokea Jinja. Maji tutakayopigia kasia kule yametoka kwetu kwa sehemu.

Saba wetu tutasafiri. Watano watabaki Buyenzi na hisa zao sawa na zetu, wakisubiri karatasi. Viongozi wa Jumuiya wakikutana tena Arusha, tunaomba suala la hao watano liwe kwenye ajenda.