Sukari Umepima, na Mkojo Je?

Ndugu zangu wa Bura, nanyi wa Mwatate, Wundanyi na Voi mnaoishi na kisukari, siku ya kliniki mnaamka alfajiri, mnashuka barabarani kungoja matatu kabla ya kutia kitu kinywani, mnafika na kutobolewa kidole, namba inaandikwa kwenye kadi. Ikiwa sita au saba mnarudi nyumbani na nyuso za furaha. Sina nia ya kuwapokonya furaha hiyo, maana mmeihangaikia. Ninachosema ni kwamba namba ile inatoa habari za sukari ya asubuhi ile tu. Kuhusu figo haisemi lolote, na mtu anaweza kuwa na kadi yenye namba nzuri kwa miezi huku figo zake zikiharibika.

Kila figo ina vichujio vidogo mno, kama milioni moja hivi. Sukari ikizidi kwa miaka, hasa ikiandamana na presha, kuta za vichujio hivyo hudhoofika, na protini ya damu iitwayo albumini huanza kupenya na kutoka na mkojo. Wakati huo hakuna kiungo kinachouma. Mkojo una rangi yake ileile, shambani mtu analima kama kawaida. Figo zina akiba kubwa ya nguvu, kwa hiyo mtu hupoteza zaidi ya nusu ya kazi ya figo zake bila kujua. Miguu ikija kuvimba, mwili ukija kuwasha na chakula kikikataa kukaa tumboni, mengi yamekwisha kuharibika. Basi anayejitetea kwamba hasikii chochote hajatoa ushahidi wowote, kwa sababu mwenye figo nzima na mwenye figo zilizoanza kuugua wote wawili hawasikii chochote. Wataalamu hukadiria kuwa kati ya watu kumi wenye kisukari, wanne hivi huja kupata maradhi ya figo. Kungoja dalili kwa hesabu hiyo ni kucheza kamari na maisha.

Kipimo chenyewe hakina makuu: mkojo kidogo ndani ya kopo, ikiwezekana wa asubuhi, na damu kidogo ya kupima kreatinini, ambayo humwezesha daktari kukadiria figo zinachuja kwa kiasi gani. Mkojo upimwe albumini ikilinganishwa na kreatinini. Ikifika miligramu 30 kwa kila gramu, figo zimeanza kuvujisha. Zahanati nyingi hutumia kijiti chenye kitambaa cha manjano ambacho hugeuka kijani protini ikiwa nyingi. Ni kitu cha msaada, lakini kijiti hicho hakioni uvujaji mdogo wa mwanzo, kwa hiyo kikibaki manjano usihesabu kwamba umeshinda. Hata jibu baya lisipokelewe kwa pupa, maana homa, maambukizi ya njia ya mkojo au kupanda mlima na mzigo mzito vinaweza kupandisha protini kwa muda. Ndiyo maana kipimo hurudiwa ndani ya miezi mitatu. Wenye kisukari cha ukubwani waanze kupimwa siku ileile wanapoambiwa wana ugonjwa, kisha kila mwaka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa Wakenya wazima wapatao 88 kati ya kila 100 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Wengi, basi, huwa wameishi nayo miaka kadhaa kabla ya kuijua.

Wapo wasemao, kujua kutanisaidia nini zaidi ya kunipa mawazo? Hoja hii inastahili jibu kamili. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya watu 590 wenye kisukari na presha ambao figo zao ndiyo kwanza zimeanza kuvujisha albumini. Wote walitibiwa presha, ila baadhi yao walipewa pia dawa iitwayo irbesatani. Kwa miaka miwili, miongoni mwa wasioipata, watu kama 15 katika kila 100 waliingia hatua mbaya zaidi. Kwa waliopewa dozi ya juu, walikuwa watano. Dawa za jamii hiyo, losartani ikiwamo, zipo Kenya na daktari ndiye wa kuziandika, tena si za mama mjamzito. Mwenye kujua mapema ana njia. Anayejua wakati damu yake inahitaji kusafishwa na mashine ana safari ya Voi au Mombasa mara mbili au tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, maisha yake yote au mpaka apate figo ya kupandikizwa.

Lipo na neno linalorudiwa sana vijijini, kwamba dawa za kisukari ndizo zinazoua figo, na kwa neno hilo watu wameacha vidonge wakageukia mizizi ya kuchemsha. Naelewa lilikotoka: jirani alimeza dawa miaka kumi, kisha figo zikafa, na watu wakaunganisha mambo mawili. Lakini kilichoziua ni sukari na presha visivyodhibitiwa. Metiformini haiharibu figo. Daktari huipunguza au kuisimamisha figo zikidhoofika sana, na hawezi kujua wakati huo umefika bila kipimo ninachokitetea hapa. Zinazoumiza kweli ni zile dawa za maumivu za dukani, diklofenaki na ibuprofeni, zinazomezwa kila jioni baada ya kazi ya jembe.

Kuhusu gharama sina ubishi kwamba nauli ni nzito. Lakini tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanafika milangoni na mikoba yenye vipimo vya sukari na presha, nao wanaweza kumkumbusha mgonjwa kopo la mkojo siku ile ile anayokwenda kliniki, asilipe nauli mara mbili. Bura ina misheni tangu 1892 na imezoea daftari na kalamu. Andika jibu la albumini na la kreatinini pamoja na tarehe, ulihifadhi, ulirudishe mwakani, kwa sababu namba moja haimwonyeshi daktari figo zinaelekea wapi, na mbili zikiwekwa pamoja humwonyesha.